Uko na Nani Hapo?

Binti wa jirani yangu hapa Mikumi anakwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja, na mtaa mzima umegeuka kuwa washauri wake. Ushauri wenyewe ni sweta. Kila anayepita pale kwao anasema sweta, soksi, sweta tena, na kofia ya kufunika masikio. Mama yake amelishindilia begi mpaka zipu inahitaji watu wawili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kulikalia. Juzi jioni binti mwenyewe alikuja kwangu, akaniamkia, akakaa, akasema, "Shangazi, wewe ndiye uliyewahi kwenda. Niambie la maana."

Nikamwambia habari za baridi kama walivyomwambia wote. Ulikuwa uvivu wa mdomo tu. Alipoondoka nikabaki nimenuna, kwa sababu baridi ya kule mtu huizoea hata kabla hajamaliza kuilalamikia. La maana ni jingine, na si la kusemwa mlangoni wakati mgeni anavaa viatu. Ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Nami nilikwenda hivyo hivyo, kwa mwaka mmoja, nikitokea chuo kimoja cha Morogoro nilikokuwa nasomea kilimo. Kwetu ni Kilosa mjini. Baba alikuwa na banda la kutengenezea baiskeli karibu na soko, na shamba la mpunga Tindiga. Mama alikuwa na presha. Nasema hivyo kwa mkato kwa sababu ndivyo tulivyoishi nayo. Dawa zake zilikaa juu ya kabati, na sisi watoto tulijifunza kumtazama usoni kwanza kabla ya kuleta habari yoyote ya kustua ndani ya nyumba. Siku ninaondoka sikuogopa ndege wala Wazungu. Niliogopa presha ya mama, kwamba itapanda nikiwa mbali.

Chuo chenyewe kilikuwa katika mji mmoja wa kaskazini, mji wa mawe na mvua nyembamba isiyoisha. Wiki ya kwanza ni ya kukaribishana. Sisi wanafunzi wageni, tuliokuja kwa muhula au mwaka kisha turudi makwetu, tulipelekwa kwenye ukumbi wa michezo mkubwa kama ghala la mkonge. Ukumbi ulijaa meza, na kila meza ilikuwa chama. Palikuwa na chama cha wapenda jibini. Palikuwa na chama cha kuimba na chama cha kubishana. Palikuwa na chama cha watu wanaokwenda kutazama treni zikipita, wanaandika namba za vichwa vyake, kisha wanarudi nyumbani.

Hilo la treni nilimsimulia baba. Alikuwa ananipigia kila Ijumaa akitoka msikitini, kwa simu ya picha, na alikuwa anaisogeza simu karibu mno na uso, hivyo mimi nilikuwa naona kofia na nusu ya paji lake tu.

"Wanakwenda stesheni na hawasafiri?" akauliza.

"Hawasafiri, baba."

"Basi hapa Kilosa hicho chama kina wanachama wengi, ila hawajijui."

Mimi nilijiunga na klabu ya kutembea. Sikuwa na mapenzi na kutembea, nilikuwa na huruma na kijana aliyekaa kwenye meza ile peke yake, mrefu, mwembamba, ana ramani kubwa imemfunika mpaka magotini. Kila Jumapili ya pili klabu ilikuwa inapanda basi mpaka vijiji vya milimani, halafu tunatembea kwenye mvua kutwa nzima. Baba alitaka maelezo yaliyokamilika.

"Mnapanda mlima mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu. Tunafika juu, tunakula mkate, tunashuka."

"Mmebeba nini?"

"Mkate huo huo, na chai kwenye chupa."

Nilisikia sauti ya mama pembeni. Mama ni mzaliwa wa Lumuma, milimani kwelikweli, na amepanda miinuko ya kwao akiwa na gunia kichwani tangu hajaota meno ya ukubwani. Akasema, "Waambie waje kwetu wakati wa mavuno. Kupanda na kushuka watapata, na mzigo tutawapa." Baba akacheka mpaka simu ikamponyoka. Baadaye nikasikia kwamba pale anapokunywa kahawa jioni amewatangazia wenzake kuwa binti yake yuko Ulaya anasomea kutembea, na kwamba ni kozi ngumu.

Nisiwasingizie, watu wa kule walijitahidi. Mwanafunzi mgeni hakosi pa kwenda. Jumatatu kuna mashindano ya maswali na majibu baa, na mwenye kunywa soda anakunywa soda yake bila kuulizwa. Jumatano kuna ngoma ya Kiskoti ambapo mtu mmoja anasimama mbele na kupaza sauti kukuambia sasa geuka, sasa mshike huyu, sasa mwachie. Alhamisi kuna chai katika ukumbi wa kanisa, inayoandaliwa na kina mama watu wazima wanaokukatia keki kubwa na kukuuliza kama huko kwenu kuna mvua. Mara moja walitujaza kwenye basi zima kwenda kuona ngome, na kumbe ngome yenyewe ni kuta tu zilizobomoka. Tulizunguka magofu yale tukiwa tumejikunyata, tukapiga picha, tukanunua kadi.

Yote hayo yalipangwa na dada mmoja Mwingereza, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyechaguliwa kusimamia shughuli zetu sisi wageni. Alikuwa na nywele fupi za rangi ya bluu na hakuwahi kuchoka. Kila Jumapili jioni alituma ratiba ya wiki kwenye kundi letu la simu. Mimi nilikuwa namwita dada wa ratiba, moyoni tu.

Na hiyo ratiba ndiyo iliyonikera. Nilikuwa mkali siku hizo, sijui ni ujana au upweke. Niliona watu wanacheka kwa ratiba. Saa mbili mpaka saa nne usiku tunashikana mikono, tunazungushana kwenye ngoma, tunakanyagana vidole, tunaombana radhi kwa vicheko. Saa nne inagonga, taa zinawashwa zote, kila mtu na koti lake. Kesho yake unakutana na yule yule uliyemzungusha, kwenye korido, anakuuliza "Uko sawa?" na hasimami. Siku ya kwanza nilianza kumjibu, habari ya usingizi wangu na kichwa kinachonigonga, na nilipoinua macho mwenzangu alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Nilikasirika siku nzima. Kwetu mtu akikuuliza habari za asubuhi anasimama azipokee. Jioni nilikuwa narudi chumbani, mlango unajifunga wenyewe nyuma yangu kwa zile springi zao za kuzuia moto, na baada ya hapo hodi haisikiki mpaka siku ya pili. Miezi miwili sikupigiwa hodi.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa kumi na moja, majani yameisha mitini. Nilikuwa jikoni, lile jiko la watu wengi wa ghorofa moja, nakoroga uji wangu. Simu ikaita. Alikuwa baba mdogo, yaani mdogo wake baba. Baba mdogo hajawahi kunipigia simu maishani mwake, yeye ni mtu wa kubipu. Nilizima jiko kabla sijapokea.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Nzuri. Umekula?"

"Ndiyo kwanza napika uji."

"Kula kwanza. Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Nyuma yake nikasikia mtu akiburuta viti vya plastiki.

"Hakuna mtu kabisa? Hata jirani?"

"Wamelala. Kuna nini, baba mdogo?"

"Hakuna kitu. Kula. Tafuta watu ukae nao, halafu nibipu, nitapiga."

Akakata.

Aliyekulia kwetu akiyasoma mazungumzo hayo hahitaji kuongezewa neno. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Watangulie watu kwanza, wamzunguke, ndipo habari ifike. Shangazi yangu aliyekuwa anaishi hapa hapa Mikumi, mumewe alikuwa dereva wa lori, akafia barabarani. Wanawake wa mtaa waliambiwa kabla yake. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wa kwanza anaomba chumvi, wa pili anaomba chumvi, wa tatu naye chumvi. Shangazi alisimulia kwamba alipofika wa nne aliweka chini kopo la chumvi, akajifunga khanga kiunoni, akawauliza, "Ni yeye, siyo?" Mpaka hapo chumba kilikuwa kimejaa na mikono ya kumshika ilikuwepo.

Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko, na hapakuwa na mtu wa kuja kuomba chumvi.

Nilimpigia mama. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia baba, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikafungua kundi la ukoo kwenye simu, lile ambalo watu hutumiana dua na picha za watoto, nikakuta nimeondolewa. Mtu alikuwa na akili ya kuniondoa kabla sijasoma. Nikakaa kwenye kiti. Nikampigia kaka yangu, na yeye alipokea, sauti imekauka.

"Mpe simu mama," nikamwambia.

"Mama ana wageni."

"Mpe baba basi."

"Baba hawezi kuongea sasa hivi."

"Kaka, mimi si mtoto. Niambie."

"Uko na nani?"

"Sina mtu!"

"Basi tafuta watu. Tafuta haraka, dada, maana saa kumi..." Akajikata, akasema atapiga, akaweka simu chini.

Saa kumi. Sisi Waislamu hatucheleweshi, mtu huzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana. Saa kumi jioni ya Kilosa ilikuwa saa saba mchana kule niliko. Kumbe kuna mtu anaswaliwa alasiri, kisha anawekwa kaburini, na mimi sijui ni nani. Lakini nilijua. Simu ya mama imezimwa, baba hawezi hata kuongea. Baba yangu, mtu wa maneno, ni kitu gani kingemfunga mdomo isipokuwa kimoja? Pale kwenye kiti nilimzika mama moyoni. Niliona dawa juu ya kabati. Niliwaona wanawake wa Lumuma wakishuka na mitandio yao. Nilijiuliza ni nani atakayempikia baba, kwa kuwa baba hajui hata chumvi inakaa wapi.

Unaweza kuuliza kwa nini sikudanganya, nikasema niko na watu. Baba mdogo angesema, "Wape niwasikie." Halafu, niseme ukweli, hata mimi sikutaka kuambiwa nikiwa peke yangu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa kitu vile, kuisikia habari ile na kubaki ndani ya chumba ambacho mlango wake unajifunga wenyewe.

Nilikwenda kugonga milango. Wa kwanza haukufunguliwa. Kwenye wa pili alitoka Mjerumani mmoja, mwanafunzi mgeni kama mimi, amejifunika blanketi, nywele zimesimama. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha haraka.

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Sijui."

Akafikiri. Alikuwa anasomea hesabu. "Unajuaje kama kuna aliyefariki?"

"Kwa sababu wameniuliza niko na nani."

Akafikiri tena, na naona hesabu haikutoka, ila akasema, "Waambie uko na mimi."

Nikamwambia mtu mmoja si watu. Hakukasirika. Akaenda kuvaa suruali.

Nikaandika kwenye kundi la klabu ya kutembea kwamba nina msiba na ninaomba watu waje. Majibu yakamiminika, mioyo myekundu, mikono iliyounganishwa. Mmoja akasema ananiwazia. Mwingine akanitumia namba ya washauri wa chuo, watakuwepo Jumatatu. Mwingine, tena msichana mwema kabisa aliyewahi kunipa glavu zake mlimani, aliuliza kama ningependa tunywe kahawa Jumanne. Jumanne! Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, peke yangu kwenye korido, na kilipoisha Kiswahili nikamalizia kwa lugha ya kwao mama. Ni heri hakunisikia. Nilikuja kuelewa siku nyingi baadaye kwamba kwao mfiwa anaachiwa nafasi, na kumwendea bila miadi ni kumvamia. Lakini asubuhi ile sikuwa na hamu ya kuelewa mtu.

Dada wa ratiba alikuwa anakaa jengo la pili. Nilivuka uwanja bila koti, nikagonga mlango wake kwa kiganja. Akafungua akiwa na nguo za kulalia zenye picha za sungura. Aliponiona usoni akashika mkono wangu kabla sijasema kitu. Nikamweleza yote.

"Nakuja sasa hivi," akasema.

"Nahitaji watu. Wengi."

"Sawa. Waje wafanye nini?"

"Wakae."

"Wakae, halafu?"

"Wakae tu. Wakae na mimi."

Nikamwona anajitahidi. Alikuwa amepanga ngoma, mabasi, mashindano, chakula cha mataifa, na kwa mara ya kwanza amepewa shughuli isiyo na kitu ndani yake. Mwisho akachukua simu yake, akauliza kwa upole, "Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Hasira ilinipanda. Msiba una saa ya kuisha? Lakini nikamwangalia amesimama pale, kidole kiko tayari juu ya simu, macho yamemjaa machozi kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hata mimi nilikuwa sijaambiwa. Nikaelewa kwamba hapa hapa, kwenye hiyo ratiba niliyoitukana miezi miwili, ndipo mlango wao ulipo. Hawa si watu wasiokuja. Wanakuja, tena wanakuja wote, ila waambiwe ni lini na wapi.

"Kuanzia saa tano," nikasema. "Mpaka saa saba."

"Tuiite nini?"

"Iite Kukaa."

Akaandika, akanionyesha kabla hajatuma. Nalikumbuka tangazo lile karibu neno kwa neno. Kukaa. Jikoni, ghorofa ya pili. Saa tano mpaka saa saba. Mwenzetu anasubiri habari ya msiba kutoka kwao, na kwao mtu haipokei akiwa peke yake. Hakuna cha kufanya. Chai ipo.

Mjerumani alikuwa ameshachemsha maji. Tuliosha vikombe vyote vya ghorofa, hata vya wasiopenda vyao viguswe. Nilikuwa nasuuza huku nikimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana, kwamba saa tano ifike na kwamba saa tano isifike. Dada wa ratiba alinikalisha, akanishikisha bakuli la ule uji wangu uliopoa, na nikala, kwa kuwa baba mdogo aliniambia nile.

Saa tano kamili mlango wa jikoni ukafunguliwa. Kamili, nasema. Kwetu saa hiyo mtu wa kwanza angekuwa bado anatafuta kandambili. Waliingia pamoja, watu wa klabu ya kutembea na makoti yao ya mvua, msichana wa glavu, wengine wawili niliowajua kwa kucheza nao ngoma tu. Wengine walikuwa na alama za mto usoni. Walikuwa wamepita dukani, maana kila mmoja alishika pakiti ya biskuti, na wote biskuti zile zile. Yule kijana mrefu mwenye ramani alikuwa amebeba sanduku la mchezo wa ubao, ule wa kurusha dadu na kusogeza vipande. Alipoona hali ya chumba akawa mwekundu mpaka shingoni, akalisukuma sanduku chini ya meza kwa mguu.

"Samahani. Nilizoea tu kwamba... kwa kawaida huwa kuna mchezo."

"Lilete," nikamwambia. "Kwetu msibani wanaume wanakaa nje wanacheza bao."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akalitoa, akaanza kupanga vipande kwa adabu kubwa.

Walikaa kwenye viti, wamenyooka, mikono mapajani, kama foleni ya zahanati. Hapana, nikaona, haiwezi kuwa hivi. Nikaleta blanketi langu nikalitandika chini, juu yake khanga aliyonipa mama siku naondoka, nikakaa. Wakaangaliana. Dada wa ratiba akashuka wa kwanza. Wengine wakafuata, miguu mirefu haijui iende wapi, goti la huyu linamgonga yule, na mtu akamwaga chai akaomba radhi mara tano. Tukawa tumekaa.

Halafu kimya. Kimya cha heshima, najua, ila kilinitisha.

"Ongeeni," nikawaambia.

"Tuongee nini?"

"Chochote. Kwetu watu wanaongea."

Mtu akasema mvua imepungua. Mwingine akasema jioni itarudi. Msichana wa glavu akasimulia jinsi basi lilivyomwacha wiki ile, kisa kirefu hakina kichwa wala miguu, na Mjerumani akauliza maswali, na dadu ikarushwa, na mtu akacheka kidogo kisha akaziba mdomo. Nikamwambia acheke tu. Nikafumba macho nikasikiliza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na harufu ilikuwa ya makoti yaliyolowa, lakini sauti yenyewe, ile ya watu kuzungumza mambo yao huku wamekaa kwa ajili yako, ilikuwa ni ile ile ya Kilosa. Mabega yangu yakashuka. Nilihisi ninaweza kuambiwa sasa. Kama ni lazima, basi iwe hapa.

Nikambipu baba mdogo. Akapiga papo hapo. Nikaweka sauti kubwa, simu katikati ya blanketi.

"Uko na nani hapo?"

"Niko na watu, baba mdogo."

"Wape niwasikie."

Nikawaonyesha simu. Wakainama wote juu yake wakasalimu kwa pamoja, kwa Kiingereza, kama darasa la kwanza mwalimu anapoingia. Baba mdogo alifika darasa la saba zamani sana, na Kiingereza chake anakitunza kwa ajili ya mambo makubwa. Akakitoa.

"Mko wengi?" akauliza.

"Tuko tisa," dada wa ratiba akajibu.

"Mmekaa karibu naye?"

"Tumekaa karibu."

"Msimwache."

"Hatumwachi."

Alijibu bila kutazama saa. Baba mdogo akashukuru, akarudi kwenye Kiswahili, akaniambia, "Haya mwanangu. Usikate." Nikasikia simu inapita mkono hadi mkono, khanga zinasugua, mlango, sauti za wanawake wengi, mtoto analia, mtu anamwambia mwingine asogee. Mkono wa dada wa ratiba ulikuwa mgongoni kwangu. Nilikuwa tayari kusikia sauti ya baba, sauti ya mtu aliyefiwa na mke, na nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomwita ili asianze kulia kabla yangu.

"Mwanangu," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mama.

Nilifurahi. Sitaki kulipamba wala kulificha, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Mama mzima! Mama anaongea, anapumua, sauti yake imechoka lakini ni yake. Uso wangu wote ukafunguka, nikacheka kwa sauti, nikaitika, "Abee mama! Mama, shikamoo!" Nilitaka kuwakumbatia wote mle ndani. Na wao, ambao hawakujua neno hata moja la Kiswahili na waliusoma uso wangu tu, wakashusha pumzi. Nyuso zikalegea. Kijana mrefu akatabasamu, Mjerumani akatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba hesabu ile ilikuwa na kosa, na msichana wa glavu akaanza kufungua pakiti ya biskuti.

"Marahaba," mama akasema. "Watu wako hapo?"

"Wapo, mama. Wapo wengi."

"Waambie wakusogelee."

Nikawatafsiria. Wakasogea, wote wakitabasamu kwa kuwa mimi nilikuwa natabasamu, na mama akaniambia ni baba.